Moto wa Majirani Nyikani Nebraska

Katika jimbo la Nebraska, nchini Marekani, ndiko ilikoanza mwaka 1872 siku maalumu ya kupanda miti, kwani walowezi walioikuta nchi ile ikiwa bahari ya majani waliona kukosa kivuli kuwa ni aibu yenye kutaka dawa. Miongoni mwa miti waliyoipenda ni mwerezi mwekundu, jamaa ya mtarakwa wa milima yetu, nao waliupanda safu kwa safu kukinga upepo. Leo, katika makorongo ya Loess Canyons, kusini ya mji wa North Platte, wafugaji hukutana kuuteketeza mti ule ule.

Zamani moto wa radi, na ule uliowashwa kwa makusudi na wenyeji wa asili, uliuzuia mwerezi usitoke katika magenge na mabonde. Moto ulipokatazwa, ndege walikula matunda yake na kuzidondosha mbegu kila mahali walipotua, wala ndege hajui mpaka wa shamba. Na kwa kuwa chini ya mwerezi mzito majani ya malisho hufifia hata yakatoweka, mfugaji aliyelala na malisho ya ng'ombe mia aliamka, baada ya miaka, hana hata ya nusu yao. Mti huu, hata hivyo, una udhaifu mmoja mkubwa: ukiungua majani yake yote hauchipui tena shinani.

Basi je, mtu awashe moto peke yake? Hasha! Mwanzoni mwa karne hii wafugaji wa makorongo yale walianza kusaidiana, maadamu kazi yenyewe yataka watu wengi, matangi ya maji yaliyofungwa nyuma ya magari, na macho ya kutazama kila upande. Mwenye shamba huyapumzisha malisho yake kwanza, akikubali hasara ya malisho, ili majani makavu yawe kuni za kutosha. Kisha hukata mierezi ya ukingoni na kuishindilia chini ya ile iliyosimama ndani, ili moto upate nguvu ya kupanda juu. Siku ikifika, baada ya kupima upepo na unyevu wa hewa, huanza kwa kuwasha ule upande ambako upepo unaelekea, kwa vibuyu vya chuma vinavyodondosha dizeli iliyochanganywa na petroli, moto ukirudi polepole dhidi ya upepo na kuacha nyuma yake ukanda mweusi usio na cha kuungua. Ukanda ukishapanuka kiasi cha kuaminika, ndipo huwashwa upande wa pili, na moto mkubwa hukimbia na upepo hadi ukakutana na weusi ule, ukafa.

Anayekuja kumsaidia mwenzake hadai ujira, bali hutarajia kuwaona wenzake kwake zamu yake ikifika. Nami naona deni la namna hii hulipwa kwa uaminifu kuliko la fedha. Usiku ule, wageni wakishaondoka, mwenye shamba hazimi taa, bali huzunguka ukingoni na tangi lake la maji, kwa sababu gogo la mwerezi laweza kuficha kaa kwa siku kadhaa, na upepo ukigeuka, cheche huangukia malisho ya jirani aliyekuja kumsaidia mchana.