Nyapara na Watu Wake

(Maneno aliyosema mjumbe wa wafanya kazi mbele ya wanachama, Ewuaso Kedong)



Nimeombwa niseme juu ya nyapara na watu wake. Wengine wenu mmecheka, maana kila mtu hapa amjua nyapara wake. Lakini neno hili ni la zamani kuliko kazi zetu. Misafara iliyopita bonde hili la Kedong kwenda Uganda ilikuwa na wanyapara, kila mmoja na wapagazi wake. Mwezi wa Novemba 1895 msafara mmoja uliokuwa ukirudi kutoka Ravine ulipambana na Wamasai katika bonde hili, wakafa mamia ya watu. Ugomvi, kwa habari zilizoandikwa, ulianza kwa watu wa msafara waliokamata wasichana wa Kimasai. Hawakuzuiwa mapema. Basi jambo la mkubwa na watu wake si dogo.

Mwaka 1975 wataalamu watatu wa Marekani, George Graen, Fred Dansereau na William Haga, walitoa habari ya uchunguzi wao. Kabla yao watu wengi walidhani mkubwa ana tabia moja kwa wote walio chini yake: ama mkali kwa wote, ama mpole kwa wote. Hawa waliuliza kila mtu peke yake. Wakaona kwamba mkubwa mmoja ana watu wa ndani na watu wa nje. Wa ndani hupewa habari, kazi nzuri na nafasi ya kusema. Wa nje hupewa amri na mshahara, basi. Tena mgawanyo huo huanza mapema, watu wangali wageni kazini.

Mwaka 1997 wengine wawili, Charlotte Gerstner na David Day, walikusanya uchunguzi mwingi wa namna hii. Wakaona kwamba wanaoelewana na mkubwa wao huridhika zaidi na kazi. Lakini nataka mshike hili jingine: mkubwa na mtu wake walipoulizwa juu ya uhusiano wao ule ule, majibu yao yalilingana kidogo tu. Yaani nyapara aweza kulala usingizi akidhani mambo ni mema, na mtu wake halali.

Nami nina deni katika jambo hili. Miaka iliyopita nilikuwa fundi wa kukunja vyuma katika kambi moja, si ya hapa. Nyapara wetu alikuwa na watu watano waliokula naye. Ijumaa tulijua kama kuna kazi ya Jumapili. Wenzetu walipata habari Jumatatu, kazi imekwisha. Nasema "tulijua" kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa wale watano. Kazi ilipopungua, jina la kwanza katika orodha ya kuachishwa lilikuwa la kijana mmoja mpole, hodari kutushinda sote watano. Nilimwuliza nyapara kwa nini. Akasema, "Yule? Simjui yule." Kijana alikuwa chini yake miezi kumi na minne. Wala nyapara hakuwa mtu mbaya. Nami nilinyamaza, nikabaki kazini.

Ningejua sheria wakati ule ningesema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema kazi inapopungua mwajiri atazame nani ametangulia kuingia, ujuzi wake, uwezo wake, na kama anategemewa. Kula pamoja na nyapara hakumo. Chama kipewe habari mwezi mmoja mbele pamoja na ofisa wa kazi, na anayeachishwa alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioutimiza. Na kifungu cha 41: mtu anayeshtakiwa kosa aelezwe kwa lugha anayoifahamu, awe na mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua yeye mwenyewe, asikilizwe kabla ya kufukuzwa.

Wapo watakaosema nyapara hawezi kumpenda kila mtu. Kweli, wala hatumwombi mapenzi. Graen na wenzake walifundisha wakubwa wa ofisi moja kukaa na kila mtu wao, mmoja mmoja, na kumsikiliza. Kazi ilizidi, na waliopata faida kubwa ni wale waliokuwa nje. Hapa kwetu Wamasai wanajua jambo hilo: olaiguenani ni mtu wa rika lile lile analolisemea.

Wanyapara wanachama mliopo, na mpo, nawaona pale nyuma: habari ya kazi ya Jumapili ibandikwe ukutani Ijumaa, kila mtu aione. Nanyi wajumbe, andikeni majina ya watu wa kila kikundi na tarehe walizoingia kazini, mniletee kabla ya mkutano ujao. Orodha ya kupunguza watu ikija, tuwe na yetu mkononi. Yule kijana sijamwona tena.