Mombo, Mji Uliokuzwa na Reli

Wasikilizaji, sisi wa Magamba tukishusha kabichi zetu, lazima tupite Mombo. Mji ule umekuzwa na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, ikaishia hapo miaka kadhaa. Mizigo ya Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, ikawa inapakiwa hapo. Reli ilipofika Moshi mwaka 1911, Mombo ikabaki stesheni ya kupitia tu. Iliyouokoa mji, nadhani, ni barabara ya kupanda Lushoto, na baadaye mabasi. Treni ya abiria ilirudi 2019 baada ya kimya cha miaka mingi. Vizuri, lakini kabichi haipandi daraja la pili. Ikilala siku mbili kwenye jua la Mombo, mkulima amekula hasara. Tunaomba behewa la mboga, lenye saa yake.