Mtihani upi wa kuombea chuo kikuu? Ulizeni kabla ya kulipa

(Mazungumzo na vijana waliomaliza sekondari pamoja na wazazi wao, ukumbi wa jumuiya)



Kamati ya elimu imeniomba nizungumze nanyi juu ya mitihani inayodaiwa na vyuo vikuu vya ng'ambo, hasa vya Marekani. Kwa muda mfupi uliopita watu wanne wamekuja mezani kwangu kuniuliza SAT inalipiwa wapi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia mtoto anaomba chuo gani. Baba mmoja alikuwa ameshapatana na mnunuzi bei ya mabati yake. Mtu anang'oa paa la nyumba ili mwanawe afanye mtihani, na hajui kama chuo kitautazama mtihani huo. Kwa hiyo leo naanza na chuo. Mtihani utafuata.

Marekani hakuna mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari kama ule wa UNEB hapa Uganda, au mtihani wa Serikali kule kwetu Kongo. SAT na ACT hutungwa na mashirika yaliyo nje ya vyuo, na kila chuo hujiamulia: kuudai, kuuacha uwe hiari, au kutoutazama kabisa. Mwaka 2020, wakati wa korona, vituo vilifungwa na vyuo vingi vikaacha kuudai. Wengi wetu tumebaki na habari hiyo ya 2020, nayo imepitwa. MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard wakatangaza kwamba nao wanarudisha. Chicago waliufanya kuwa hiari tangu 2018, na Columbia walitangaza mwaka 2023 kwamba kwao utabaki hiari. University of California, yenye matawi mengi, haitazami SAT wala ACT inapochagua wanafunzi. Huko hata ukipeleka alama za juu namna gani, hazitakuongezea kitu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye faida kwetu. Baadhi ya vyuo vinavyodai mtihani vimeacha mlango wa pembeni kwa mtu asiyeweza kuufikia. Harvard husema kwamba mwombaji aliyeshindwa kabisa kupata SAT au ACT anaweza kuleta matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Dartmouth nao, kwa wanaosoma nje ya Marekani mahali ambapo mitihani hiyo ni ya shida kupatikana, wameruhusu mtihani wa taifa unaolingana na ule wa Uingereza wa kidato cha sita. UACE ni mtihani wa taifa. Diploma ya Serikali ya Kongo nayo hutoka kwenye mtihani wa taifa. Huenda karatasi unayoiweka chini ya godoro ndiyo mtihani wako.

Lakini msiende na "huenda". Kiandikieni chuo barua pepe fupi. Semeni mnaishi makazi gani, kituo cha SAT kiko umbali gani, mna kitambulisho cha namna gani, na mna cheti gani mkononi. Ulizeni: je, mtakikubali badala ya SAT? Jibu likija, litunzeni. Hamlipi chochote kwa kuuliza. Na msiogope kwamba swali litawaharibia maombi. Kazi ya ofisi hiyo ni kujibu maswali. Walio na diploma ya Kongo wahesabu pia tafsiri ya Kiingereza, kwa kuwa karatasi yenyewe ni ya Kifaransa.

Tuseme chuo kimejibu kwamba lazima mtihani. Hapo ndipo tunapopiga hesabu. Ada ya SAT kwa mtu aliye nje ya Marekani, pamoja na nyongeza ya nchi za nje, hupita dola 100. Msamaha wa ada mnaousikia ni wa wanafunzi maskini walio Marekani na wa raia wao walio nje. Sisi haumo kwetu. Ongezeni nauli, malazi na chakula. Kisha kitambulisho: kwa baadhi ya nchi SAT hudai pasipoti. Mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi, ile inayoombwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, aulize kwa maandishi kama itakubaliwa kabla ya kulipa. Mwenye kadi ya mkimbizi peke yake aulize mara mbili. Kufika mlangoni na kurudishwa ni hasara isiyo na wa kumlalamikia.

Tangu Machi 2023, SAT nje ya Marekani hufanywa kwa kompyuta, na unatakiwa ufike na laptopu au tableti. Simu haikubaliwi. Mtihani wenyewe ni saa mbili na dakika 14: maswali 54 ya kusoma na kuandika Kiingereza, na maswali 44 ya hesabu. Alama za juu ni 1600. Jibu la kosa halipunguzi alama, kwa hiyo msiache swali wazi.

Mnauliza ACT je? Vyuo vinavyopokea SAT hupokea ACT pia, hakuna kilicho na heshima zaidi. Kwa maoni yangu, mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani atafadhaika kidogo zaidi kwenye ACT, ambako habari za kusoma ni ndefu na saa inakimbia. Kwenye SAT kila swali lina kifungu chake kifupi, unasoma mistari michache, unajibu, unaendelea. Na wale waliosoma hesabu na fizikia kule Kongo wasijidharau: nusu ya alama za SAT ni hesabu, na kikokotoo kimo ndani ya kompyuta yenyewe. Mazoezi ni ya bure kwenye Khan Academy, hata kwa simu. Jaribuni mtihani mmoja mzima wa mazoezi kwanza, mkitazama saa. Alama zikitoka chini sana, heri mjue hapa, kabla ya mabati kuuzwa.

Kuna mtihani wa pili ambao watu huuchanganya na SAT, nao ni wa kupima lugha: TOEFL, IELTS au Duolingo. Huo haupimi hesabu. Unataka kujua tu kama utaelewa mwalimu darasani. Hapa kijana aliyesoma sekondari Uganda na kijana aliyesoma Kongo hawako sawa. Yale, kwa mfano, hawaudai kwa mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza angalau miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Basi aliyesoma hapa aombe shule impe barua ya kuthibitisha lugha ya kufundishia. Aliyesoma kwa Kifaransa atahitaji mtihani.

Mtihani wa Duolingo ni karibu dola 70, huku TOEFL na IELTS kila mmoja hupita dola 150. Unafanywa popote penye kompyuta ya kamera, intaneti isiyokatika na chumba kisicho na mtu mwingine, kwa muda wa saa moja hivi. Hicho chumba ndicho shida. Mtoto akiingia kuomba maji mtihani unaweza kufutwa. Tazameni kwanza kama chuo chenu kinaupokea, maana si vyote. Matokeo ya mitihani yote mitatu ya lugha hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo aliye kidato cha tatu asikimbilie kuufanya sasa.

Wapo watu wanaozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp wakiuza "nafasi" za SAT, au wakiahidi kukufanyia Duolingo. Wanayosema ni uongo. Duolingo hurekodi kwa kamera, na chuo hupokea pia sauti yako mwenyewe ukizungumza. Akizungumza mwingine, utajulikana.

Jambo moja zito, na sipendi kulisema lakini sina budi. Mtihani haufungui mpaka. Juni 2025 Marekani ilitangaza kusimamisha visa za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na kuwazuia raia wa Somalia na Sudan. Desemba mwaka huohuo ikaiongeza Sudan Kusini. Wanachotazama ni uraia wako, hata kama umekulia hapa Uganda. Vijana wa nchi hizo, ulizeni kwanza sharti hilo likoje kwa mwaka mnaoomba, kisha ndipo mfikirie dola 100. Na sote tukumbuke kwamba Harvard huchukua chini ya watu 5 katika kila 100 wanaoomba.

Kwa sababu hiyo namshauri kila mmoja awe na ombi la karibu pia. Ufadhili wa DAFI wa UNHCR, ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani, husomesha wakimbizi katika nchi walizokimbilia, na hauhitaji SAT. Mwenye diploma ya Kongo anayetaka chuo cha Uganda hupeleka karatasi zake UNEB zilinganishwe. Kazi hiyo huchukua muda, basi ianzeni sasa, msingoje tangazo litoke.

Nitakuwa ofisini Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Njooni na cheti, kitambulisho, na majina ya vyuo viwili au vitatu yaliyoandikwa. Asiye na jina la chuo aje pia, tutatafuta pamoja. Tutaandika barua pepe palepale kwa kompyuta ya ofisi, bila malipo. Na yule baba wa mabati, kama yumo humu ukumbini, namwomba awe wa kwanza Jumanne.