Masomo kwa Wamama: Tuhesabu Feranka za Noeli Mbele ya Kwenda Soko

Wenye batoto ku mgongo, mukaribie. Leo hatusemi habari ya chanjo. Tunasema habari ya feranka, maana feranka za Noeli zikipotea, mtoto ndiye anayelipa.

Mwaka moja, katikati ya Januari, mama moja alituletea mtoto wa miaka miwili. Miguu ilivimba, nywele zilikuwa nyekundu, hakutaka kucheza. Ile ni kwashiorkor. Tukamuuliza: «Mama, ku Noeli mulikula nini?» Akajibu: «Muganga, tulikula kuku, mchele, na soda kwa wote.» «Na tangu Bonane?» «Bukari na majani tu. Feranka ziliisha.» Mama yule hakuwa mvivu, wala hakukosa upendo. Alikosa hesabu.

Januari ni mwezi mkali. Mvua inanyesha, mahindi ya shamba ingali mabichi. Tena, ngambo ya Luapula, Zambia inafunga uvuvi kila mwaka toka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari.

Sasa tuhesabu. Hata mama asiyejua kusoma anaweza. Kamata mbegu za mahindi: mbegu moja ni feranka 1.000. Tuseme uko na 60.000, basi weka mbegu 60. Bei hizi ni mfano tu. Wewe utatia zile za soko.

Ya kwanza: toa mbegu 20, tia ndani ya kikombe, funika. Hizi ni za Januari: wiki 4, kila wiki mbegu 5, kwa kununua maharagi na chisense ya mtoto.

Ya pili: kwa mbegu 40 zilizobaki, panga chakula cha siku kuu. Kuku 25, mchele 10, mafuta 5, tomate na kitunguu 3, soda 6. Jumla ni 49. Tunapungukiwa na 9! Wengi hapa wanafunua kikombe. Hapana, mama! Ukitoa soda, inabaki 43, bado inapita. Lakini ukiacha kuku, na kupika samaki ya kukauka uliyonunua kwa 14 mwezi wa Novemba, jumla ni 38. Batoto wanakunywa soda yao, na mbegu 2 zinarudi ndani ya kikombe.

Ya tatu: angalia vipimo. Kichupa kidogo cha mafuta ni 1.000, na vichupa 6 vinajaza litre moja. Litre nzima ni 5.000. Mwenye kununua kichupa kwa kichupa anatupa 1.000. Kama huna 5.000, ungana na jirani: kila mmoja atoe 2.500, mugawane sawasawa.

Chisense usiidharau. Ni samaki kamili. Itwange, changanya katika uji au bukari ya mtoto.

Na ukiona miguu ya mtoto inavimba, usingoje feranka wala siku ya kupima uzito. Mulete siku ile ile.

Kwa hiyo, wamama, mbele ya kwenda soko: kikombe cha Januari kwanza, sahani ya Noeli nyuma. Nani atatuonyesha na mbegu zake? Simama, mama, tuhesabu pamoja.