Kina Mama na Daftari la Chama



Tunapotimiza miaka 10 ya Chama chetu, yatupasa kusema neno moja. Kahawa huchumwa, huoshwa na kuanikwa na kina mama. Lakini jina liandikwalo daftarini mara nyingi ni la mume. Asiyeandikwa hapigi kura wala hachaguliwi. Hali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi.

Basi, kina mama, toeni kiingilio na hisa, jifunzeni kusoma mizani, daini stakabadhi, na mkutanoni simameni mseme. Nanyi kina baba, msiwazuie. Kidole kimoja hakivunji chawa.