Kabla ya Kulipa Arbuni: Mazungumzo kwa Wanunuzi wa Nyumba Mpya Kajiado



Anayesafiri kwa barabara ya Namanga kutoka Kitengela hadi Isinya, au kwa barabara ya Magadi kupitia Ongata Rongai na Kiserian, hukutana na mabango ya nyumba mpya kila baada ya muda mfupi. Vyumba vitatu, ukuta na lango, kwa bei ambayo ni vigumu kuipata jijini Nairobi. Watu wanakuja kwa wingi. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 687,312 katika Kajiado, na ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Wengine wamechoka kulipa kodi ya nyumba mwezi baada ya mwezi. Wengine ni wana na mabinti wa kaunti hii wanaotaka makao yao wenyewe karibu na kwao.

Hamu hiyo ni halali. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Lakini wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali, na hakuna mahali msemo huu unauma kama kwenye ununuzi wa nyumba, kwa sababu familia nyingi hununua mara moja tu maishani. Akiba hiyo ikipotea, ni nadra ipatikane tena.

Kwa hivyo mazungumzo haya yana ujumbe mmoja: pesa zisitoke mfukoni kabla ya maswali manne kujibiwa. Ardhi ni ya nani? Nani ameruhusu ujenzi? Maji na barabara viko wapi? Na gharama yote ni kiasi gani? Kabla ya arbuni, muuzaji ndiye humbembeleza mnunuzi. Baada ya arbuni mambo hugeuka, na mnunuzi ndiye huanza kubembeleza.

Ardhi ni ya nani?

Mnunuzi hanunui kuta peke yake. Ananunua haki juu ya ardhi iliyo chini ya kuta hizo. Mnamo Oktoba 2023, katika eneo la Mavoko, kaunti jirani ya Machakos, nyumba nyingi zilibomolewa baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ilikuwa mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Zilikuwemo nyumba za mawe, zilizokamilika, zenye watu ndani. Uzuri wa nyumba haukuiokoa hata moja.

Hatua ya kwanza ni kuomba nakala ya hatimiliki na kufanya upekuzi rasmi kwa njia ya mtandao wa serikali au kupitia masjala ya ardhi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa wa ardhi, kama ni ya kudumu au ya kukodi kwa muda maalumu, na kama kuna mkopo wa benki, zuio au amri ya mahakama juu yake. Usitegemee upekuzi alioufanya muuzaji. Fanya wako, na uurudie siku chache kabla ya kila malipo makubwa, kwa kuwa zuio linaweza kuwekwa wakati wowote.

Nyumba nyingi mpya zimejengwa juu ya shamba moja kubwa ambalo bado lina hatimiliki moja. Kampuni huahidi kwamba hati za kila ploti zitatoka baadaye. Hapo uliza: mgawanyo wa shamba umeidhinishwa? Mpima ardhi aliyesajiliwa ameweka vigingi? Na je, hati hiyo kubwa imewekwa rehani? Ikiwa kampuni ilikopa benki kwa kutumia shamba hilo, na isilipe, benki ina haki ya kuliuza hata kama wanunuzi wamelipa hadi senti ya mwisho. Wakili wako adai barua kutoka kwa benki inayokubali kuiachilia ploti yako pindi utakapomaliza kulipa.

Kuna mambo ambayo Kajiado inayajua vyema. Ardhi nyingi hapa zilikuwa za ranchi za vikundi kabla ya kugawanywa kwa familia, na nyingi bado ni za kilimo. Kuuza ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi hupaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yatiwe saini. Ikiwa ardhi ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa ya mume na mke. Mama wa boma anapofika mbele ya bodi na kusema hakuulizwa, mauzo yanaweza kukwama hapo hapo. Na ikiwa mmiliki amefariki, watoto hawawezi kuiuza kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi, hata kama wote wamekubaliana.

Kwa wanaonunua nyumba ndani ya ghorofa, Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inawezesha kila nyumba kuwa na hatimiliki yake. Muulize muuzaji kama jengo limesajiliwa chini ya sheria hiyo. Hisa katika kampuni ya usimamizi si sawa na hatimiliki.

Nani ameruhusu ujenzi?

Upangaji na makazi ni majukumu ya serikali za kaunti. Chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019, hakuna anayeruhusiwa kujenga bila kibali cha kaunti. Kama shamba lilikuwa la kilimo, lazima pia matumizi yake yabadilishwe yawe ya makazi. Mnunuzi anaweza kuchukua nambari ya kibali kutoka kwa muuzaji na kwenda nayo kwenye afisi ya upangaji kuthibitisha. Kuuliza hivyo si kumtusi muuzaji, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Mradi pia unapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), na mkandarasi wake awe amesajiliwa. Mitaa mikubwa huhitaji leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Nyumba ikikamilika, kuna cheti cha kuruhusu watu kuhamia. Bango lenye picha ya rangi haliwezi kuchukua nafasi ya karatasi hizi.

Nyumba ambayo ipo kwenye ramani tu inahitaji tahadhari zaidi. Makubaliano yawe ya maandishi, yatiwe saini na kushuhudiwa, kwa kuwa mapatano ya mdomo kuhusu ardhi hayatetewi mahakamani. Yaandikwe siku ya kukamilika, kitakachofanyika kampuni ikichelewa, na jinsi pesa zitakavyorudishwa. Malipo yafuate hatua za kazi: msingi, kuta, paa, umaliziaji. Na wakili wa muuzaji si wakili wako. Tafuta wako, na uthibitishe na Chama cha Mawakili wa Kenya kwamba ana leseni ya mwaka huu.

Maji na barabara viko wapi?

Tembelea nyumba mara mbili: mara moja wakati wa jua na mara moja baada ya mvua kubwa. Sehemu kubwa ya Kitengela na Isinya ina udongo mweusi ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi usipochimbwa hadi kufikia tabaka gumu, kuta hupata nyufa hata kabla rangi haijachakaa. Mlipe mhandisi au fundi mzoefu asiye wa kampuni aikague nyumba. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya kujenga upya ukuta mmoja.

Angalia umbali wa nyumba kutoka mtoni. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwakuta watu majumbani, Kitengela ikiwemo. Waulize wenyeji na wachungaji wa mifugo maji hupita wapi mvua ikizidi. Wao wanakumbuka mikondo ambayo trekta imeifukia.

Uliza maji ya matumizi yanatoka wapi. Ikiwa ni kisima, kina kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji? Maji yake yamepimwa chumvi na floridi? Ikiwa ni bauza, ni mara ngapi kwa mwezi na kwa bei gani? Ikiwa hakuna mfereji wa maji taka, tangi lake ni la ukubwa gani na lori la kulinyonya litapita wapi? Na barabara ya kuingia imo kwenye ramani ya upimaji, au ni njia tu inayokatiza shamba la jirani ambaye kesho anaweza kuweka ua?

Gharama yote ni kiasi gani?

Tuseme nyumba inauzwa shilingi 3,500,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa, yaani shilingi 140,000, na asilimia 2 mashambani, yaani 70,000. Ongeza ada ya wakili, usajili na ukaguzi. Pesa hizi hazionekani kwenye bango, na haziwezi kusubiri.

Kisha mkopo. Mnunuzi akilipa asilimia 10 na kukopa shilingi 3,150,000 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 9.5 atalipa takriban shilingi 29,400 kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 15 atalipa takriban 41,500. Nyumba ni ile ile, lakini tofauti katika miaka hiyo 20 inakaribia shilingi milioni 2.9. Ndiyo sababu inafaa kuuliza benki au Sacco yako kama inatoa mikopo inayofadhiliwa na Kampuni ya Ufadhili wa Rehani ya Kenya (KMRC), iliyoundwa ili kuwezesha mikopo ya muda mrefu kwa riba nafuu. Na uliza kama riba hiyo haibadiliki.

Hesabu pia safari. Watu wawili wakifanya kazi Nairobi, kila mmoja akitumia nauli ya shilingi 300 kwa siku, siku 22 za kazi zitakula shilingi 13,200 kwa mwezi. Ongeza maji, ulinzi na taka. Jumla hiyo ikizidi kodi unayolipa sasa kwa kiasi usichoweza kukimudu, bei ya bango haina maana.

Nyumba za mpango wa serikali

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Kukatwa ushuru huo hakumpi mtu nyumba moja kwa moja. Lazima ajisajili kwenye Boma Yangu, mtandaoni au kwa kupiga *832#, na aweke akiba ya arbuni inayotakiwa. Nyumba za kijamii zinalenga wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na zile za bei nafuu wanaopata kati ya 20,000 na 149,000. Aliyepata nyumba hawezi kuiuza bila idhini ya bodi inayosimamia mpango huo. Akija mtu akidai kwamba anaweza kukupitishia jina kwa malipo ya pembeni, huyo ni tapeli. Ripoti kwa polisi.

Ndugu wakazi, dalali akisema kuna mteja mwingine anakuja na pesa saa kumi, mwache mteja huyo alipe. Nyumba nyingine zitajengwa. Andika maswali yaliyotajwa hapa, uende nayo kwenye masjala ya ardhi, afisi ya upangaji na kwa wakili, ukiandamana na mwenzi wako wa ndoa au jamaa unayemwamini. Ikiwa majibu yote ni mazuri, saini makubaliano kisha ulipe bila hofu. Ikiwa jibu moja halipatikani, shikilia arbuni yako hadi lipatikane.