Njia ya Mwongo ni Fupi: Nasaha kwa Vijana Waongoza Wageni wa Mji Mkongwe

Ifuatayo ni nasaha ya mmoja wa waongoza wageni wa siku nyingi mjini Zanzibar. Aliitoa mbele ya vijana, Waislamu na Wakristo, waliomaliza mafunzo ya kutembeza wageni kwa miguu.

 

 Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu ziara za miguu zenye mada maalumu. Kwa maneno mepesi, haya ni matembezi ambayo mwongozaji hamkimbizi mgeni kila pembe ya mji. Anachagua jambo moja, kama vile utumwa na uhuru, nyumba za ibada, milango au maji, kisha analifuata kituo kwa kituo mpaka mgeni aondoke ameelewa.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Pamoja na heshima hiyo, wageni wengi huuona kwa haraka tu. Watapita Ngome Kongwe, watapiga picha Forodhani, watanunua viungo Darajani, halafu boti. Hata majengo makubwa tunayoyategemea hayadumu milele. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jengo lililosimama tangu mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Siku ile wengi wetu tulijiuliza tutawaonesha nini wageni. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya mji huu iko vichochoroni, tena iko katika habari za watu walioishi humo. Habari hizo ndizo mtaji wenu.

Lakini mtaji huo una mtihani wake, na mimi niliufeli kwa miaka mingi. Naomba niwaambie ukweli wangu.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa nikiwapeleka wageni Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, na kuwashusha katika vyumba viwili vya chini ya jengo la Mtakatifu Monika. Paa liko chini, mwanga hafifu, hewa nzito. Nilikuwa nikiwaambia: “Humu watumwa walifungiwa bila chakula wakingojea kuuzwa.” Nilitaja na idadi yao. Wageni wakiwa wengi, na idadi ya watumwa nayo iliongezeka. Watu walilia, na waliolia walitoa bakhshishi nzuri. Sikuwahi kujiuliza habari ile niliitoa wapi. Niliisikia kwa wenzangu, nao waliisikia kwa wenzao.

Siku moja nilimtembeza mzee wa kanisa kutoka Masasi. Alishuka kwa shida akishika ukuta, akakaa kimya muda mrefu, machozi yakamtoka. Tulipotoka nje akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, jengo hili lilijengwa mwaka gani?”

Nikamwambia, “Babu, kwa kweli sijui.”

Akasema, “Basi nenda ukaulize. Mimi nimewalilia watu wangu. Nisingependa niwe nimewalilia mahali ambapo hawakuwahi kuwapo.”

Ndugu zangu, sikulala vizuri usiku ule. Nikaenda kuuliza wazee, nikasoma. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Jengo lile la juu lilijengwa na wamisheni mwishoni mwa karne ya 19, miaka mingi baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya hospitali. Ndiyo maana wapo wanahistoria wanaosema vyumba vile haviwezi kuwa magereza ya watumwa wa soko lile.

Nilidhani nikisema hivyo mkate wangu umekwisha. Haikuwa hivyo, kwa sababu ukweli wa mahali pale una uzito wa kutosha, na hauhitaji kuongezewa chumvi. Soko lilikuwapo pale. Watu waliuzwa pale. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa palepale siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache baada ya soko kufungwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Simama hapo, sema unayoyajua, kisha nyamaza. Mgeni ataelewa.

Na yapo mambo ambayo sikuwahi kuyasema nilipokuwa nikitegemea vyumba vile. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani. Amri ya kuufuta kisheria hapa Zanzibar ilitoka mwaka 1897, na wanawake waliokuwa masuria wakasubiri mpaka mwaka 1909. Mgeni akiambiwa kwamba kila kitu kilikwisha siku ya kufungwa soko, tumewasahau akina mama hao kwa mara ya pili.

Halafu kuna Masasi. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka hapa na kundi la watu waliokombolewa. Walishukia Lindi, wakatembea kwenda bara, na hatimaye wakafanya makao Masasi. Mzee yule alikuwa mjukuu wa safari ile. Nilikuwa nimemwonesha chumba cha giza, kumbe yeye mwenyewe alikuwa habari niliyopaswa kuisimulia: watu waliofika pwani kwa minyororo na kuondoka kwa miguu yao wakiwa huru. Tangu hapo ziara yangu ya utumwa haiishii kwenye kuuzwa. Inaishia kwenye watu na walichokifanya na uhuru wao. Nawataja John Swedi, mmoja wa vijana watano ambao Sultani aliwakabidhi kwa Askofu Tozer mwaka 1864, ambaye baadaye alikuwa shemasi, na Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890. Hao wana majina. Mgeni akiondoka na jina moja la mtu, ni bora kuliko akiondoka na idadi mia ya kubuni.

Jambo la pili ni la amani yetu. Habari ya utumwa ikisimuliwa vibaya katika mji huu, inakuwa kisu. Nimewasikia waongozaji wanaoisimulia kana kwamba ilikuwa vita ya dini moja na nyingine, wakiangalia kwanza mgeni ni wa dini gani. Huo ni uongo wa aina ya pili, nao ni mbaya zaidi, maana majirani ndio wanaoulipia. Waliofaidika walikuwa wengi na wa kila aina: wafanyabiashara Waarabu, Waswahili na Wahindi, wakuu wa bara waliouza mateka, Wazungu walionunua watu kwa mashamba ya visiwa vyao, na wenye mashamba ya karafuu hapa hapa.

Ukitaka kumwonesha mgeni jambo hili bila kumnyooshea kidole mtu yeyote, simama naye mbele ya duka la vitambaa na umwambie kuhusu nguo ya merikani. Marekani ilifungua ofisi ya konseli hapa mwaka 1837. Meli zake zilileta kitambaa cha pamba na kuondoka na pembe za ndovu. Pamba hiyo ilitoka mashamba ya kusini mwa Marekani, yaliyolimwa na watumwa, na pembe zilifika pwani kwa misafara iliyokuwa na watumwa pia. Neno merikani lipo vinywani mwetu mpaka leo. Hicho ni kivutio kilichofichika kuliko chumba chochote, na hakina kiingilio.

Katika ziara ya nyumba za ibada pia mna la kuonesha. Minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1893 na 1898, huonekana kutoka baharini. Lakini ukiingia vichochoro vya Shangani utalitafuta mpaka umwulize mtu, na mara nyingi atakayekuelekeza ni Mwislamu aliyekaa barazani kwake. Kutoka hapo mpeleke mgeni Hurumzi kwenye hekalu la Wahindu, kisha msikiti wa Malindi wenye mnara wa umbo la pia. Mwache atembee mwenyewe kutoka kengele hadi adhana. Hapo hutahitaji kumhubiria kuhusu kuvumiliana.

Katika ziara ya maji, mweleze kwamba Sultani Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka Chemchem, na kwamba mabafu ya Hamamni ni ya enzi yake. Kabla ya bomba maji yalitoka visimani na kubebwa kichwani. Muulize mgeni: unafikiri ni nani aliyebeba?

Sasa niseme ya utendaji, maana nasaha bila utendaji ni kelele.

Kwanza, chagueni mada moja na vituo visivyozidi saba. Saa moja na nusu inatosha. Tafuteni kivuli na pa kukaa.

Pili, gaweni habari zenu katika mafungu matatu: ninalolijua kwa hakika, linalosimuliwa, na nisilolijua. Mfano, husimuliwa kwamba baadhi ya nguzo za Kanisa Kuu ziliwekwa juu chini wakati Steere hayupo. Isimulieni, inafurahisha, lakini semeni “husimuliwa”. Na mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui. Mgeni atawaamini zaidi kwa yale mengine.

Tatu, baraza ni sebule ya mtu. Toeni salamu kwanza. Ombeni ruhusa. Asipigwe picha mtu aliyekataa, wala mtoto bila mzazi wake. Mweleze mgeni mavazi ya heshima kabla hamjaanza, asije akaaibika njiani. Wakati wa sala msipite mlangoni mwa msikiti na kundi.

Nne, mtaa nao upate. Kama mmekunywa kahawa kwa mzee, mlipe. Kama mama mmoja amewafungulia ua wake, asiondoke mikono mitupu. Ziara ikimnufaisha mwongozaji peke yake, wenyeji watatuona kama wanavyowaona mapapasi, na watakuwa na haki.

Ndugu zangu, dini zetu zote mbili zinatukataza kushuhudia uongo. Mara nyingi tunadhani katazo hilo ni la mahakamani tu. Nawaambia linatuhusu sisi zaidi ya wengi, maana tunawasemea watu waliokwisha kufa, ambao hawawezi kusimama na kutusahihisha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sisi kazi yetu ni kutembea. Tusichague njia fupi.

Mzee wa Masasi sikumwona tena. Lakini kila ninapofika Mkunazini na wageni, kabla sijafungua mdomo, najiuliza swali lake: jengo hili lilijengwa mwaka gani? Nawaachia swali hilo liwe zawadi yenu ya kumaliza mafunzo.

Mwenyezi Mungu awabariki na azibariki hatua zenu.